Feni ya Chuma na Ulezi wa Bibi

Juzi nilikuwa juu ya ngazi katika nyumba mpya upande wa Manchira, nafunga feni ya dari. Mwenye nyumba, mama mwenye duka la vitenge hapa Mugumu, alikuwa chini amenishikia ngazi huku akinisimulia visa vya mafundi wa bati waliomtoroka kazi ikiwa nusu. Nilipomaliza nikashuka, nikawasha, nikazungusha kile kidude cha ukutani cha kuongeza na kupunguza mwendo, ambacho sisi mafundi tunakiita regulata. Feni ikatii. Ikaenda mbio, ikapunguza, ikatambaa. Kisha, bila hata kufikiri, nikaweka kiganja juu ya regulata na kukiacha hapo.

"Unasikiliza nini hapo, fundi?" mama akauliza.

"Nasikiliza kama inapata moto."

"Kwani ni mbovu?"

"Nzima kabisa, mama. Hizi za siku hizi hazipati moto wa kuusikia. Ni mazoea yangu tu."

Alicheka, akaenda kunichemshia chai, na habari ikaishia pale. Ila wewe ambaye una nafasi, kaa nikueleze mazoea hayo yalianzia wapi. Maana mimi leo ni fundi umeme, nasuka upya nyaya za mota za mashine za kusaga, za pampu na za feni, na watu wananiletea kazi kutoka Nata mpaka Sirari. Wengi hudhani nilijifunzia chuoni. Chuo nilikwenda, ndiyo. Lakini somo la kwanza nililipata uani kwa bibi yangu, tukiwa na ulezi mbele yetu na mawingu juu yetu.

Nililelewa Tarime mjini, pale Bomani, na bibi mzaa mama. Mama alikuwa na kazi Musoma, akija mwisho wa mwezi na samaki wa kukausha waliofungwa kwenye gazeti, na harufu yao ilibaki ndani ya nyumba hata yeye akishaondoka. Nyumba ya bibi ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati limeshika kutu, na mbele kulikuwa na uwanja uliosiribwa kwa samadi ya ng'ombe mpaka ukawa laini kama sahani. Kazi ya kuusiriba ilikuwa yangu. Nilikuwa naweza kukuambia kwa kunusa tu kama samadi ni ya ng'ombe aliyekula majani mabichi au mabua. Shamba la ulezi lilikuwa nje kidogo ya mji, kwenye mteremko. Pale nyumbani, upande wa pili wa uzio wetu wa michongoma zilianzia nyumba za serikali, ambamo walikaa watumishi waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa ya mbali.

Tarime ni baridi, usiambiwe na mtu. Asubuhi za katikati ya mwaka ukungu hukaa chini mpaka ng'ombe wanaonekana miguu tu. Uji wa ulezi tuliunywa tumeshika kikombe kwa mikono yote miwili, tukipokea joto lake kabla ya utamu wake. Ndiyo maana siku nesi mpya alipofika kutoka Tanga, akashusha kwenye lori godoro, masufuria, mbuzi ya kukunia nazi, halafu feni, mtaa mzima ulitoka nje kuangalia.

Ilikuwa feni ya mezani, ya chuma kitupu, ya kijani iliyochubuka, nzito kama jiwe la kusagia. Baba yake nesi aliipata zamani alipokuwa karani kwenye shamba la mkonge, na akampa binti yake siku alipoajiriwa. Kitako chake kilikuwa kama chungu kilichofunikwa, kina matundu pembeni, na mbele yake kishikio kidogo cha kusogeza kwenye namba: sifuri, kisha tano, nne, tatu, mbili, moja.

"Feni Tarime!" alisema muuza maziwa, akashuka kwenye baiskeli ili acheke vizuri. "Labda huyu amekuja kutuuzia baridi."

Bibi hakucheka. Bibi alikuwa mtu wa kutoa hukumu. Alisema upepo wa kutengenezwa huleta kichomi, na kwamba nesi anayelala nao atajitibu mwenyewe. Maneno hayo aliyasema kwa Kiswahili, si kwa Kikurya, tena kwa sauti, ili yapite kwenye michongoma.

Nesi aliyasikia. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, mwenye shikamoo ndefu. Mimi nilikuwa nampelekea maji asubuhi, na ndiye aliyenieleza siri ya feni yake. Hakuwa anatafuta baridi. Alifanya zamu za usiku hospitalini, kwa hiyo mchana ndiyo ulikuwa usiku wake, na mchana wa Bomani una jogoo, una mashine ya kusaga, una watoto na mpira wa makaratasi. Aliigeuza feni iangalie ukutani, akaiweka mwendo mdogo, na mvumo wake ukafunika kelele zote. Chini ya mvumo ule alilala kama mtoto mgongoni.

Akanifundisha na kuiwasha. "Usianzie namba moja," aliniambia. "Hapo ina nguvu kidogo, itanguruma tu isizunguke. Anza na tano. Ikishashika mwendo, shuka taratibu." Ndiyo maana namba tano ilikuwa jirani na sifuri. Mtengenezaji hakukosea kuhesabu, alijua kwamba kuanza ndiko kunakotaka nguvu kuliko kuendelea. Nesi alikuwa akilisema hilo hata kwa mambo mengine. Mama mjamzito akija analia kwamba hataweza, nesi alimwambia, "Anza na tano, mama, mengine tutashuka."

Kuna jambo nesi hakuliona kuwa la maana, mimi nikaliona. Feni ikiwa namba moja au mbili, kile kitako kilipata joto. Joto zuri, la mkate uliotoka tanuruni. Asubuhi za ukungu nikishatua ndoo, nilichuchumaa nyuma ya feni na kuweka viganja vyangu kwenye kitako mpaka vidole vikakunjuka. Nadhani mimi ndiye mtoto pekee aliyeipenda feni kwa sababu ya kuota moto. Nilijiuliza kila mara: kwa nini ikienda mbio kitako kinapoa, na ikienda polepole kinapata moto? Mtu akikimbia ndiye anayetoka jasho. Sikumuuliza mtu. Nilidhani ni ukaidi wa vitu vya Tanga.

Sasa, mwaka ninaokusimulia, mama mdogo, mtoto wa mwisho wa bibi, alikuwa ameposwa. Wakwe walikuwa waje Jumapili kuzungumza habari za ng'ombe wa mahari. Kwetu Ukuryani huwezi kumkalisha mkwe wa namna hiyo ukamwekea ugali wa sembe. Utamwekea ugali wa ulezi, mweusi, unaong'aa, na ukiwa na chembe moja ya mchanga au makapi, mama wa kijana ataitoa mdomoni mbele ya watu wote na kuiweka ukingoni mwa sahani. Hatasema neno. Ila kila mtu atakuwa ameona. Bibi alikuwa ameshawahi kuliona jambo hilo likitendeka kwa mwenzake, na alilisimulia kama watu wanavyosimulia ajali.

Ulezi ulikuwepo, na mzuri. Tulikuwa tumeuvuna, tumeuanika, tumeupura kwa fimbo mpaka mikono ikafanya malengelenge. Uligoma kupepetwa tu, kwa sababu upepo ulikatika. Kupepeta ulezi si kama mahindi. Punje yake ni ndogo kuliko kichwa cha pini, na kapi lake halitofautiani nayo sana kwa uzito. Unasimama, unanyanyua ungo juu ya bega, unaumwaga kidogo kidogo, na upepo unachagua: makapi kule, punje hapa. Bila upepo, vyote vinaanguka pamoja miguuni pako, na unainama kuviokota pamoja.

Ijumaa yote bibi alisimama uwanjani na ungo wake. Jani la mgomba halikutikisika. Alipiga mluzi mdogo kwenye meno, kama wazee walivyouita upepo, na hakuna kilichokuja isipokuwa kuku. Jumamosi asubuhi hali ilikuwa ileile, ila upande wa milima ya Kenya mawingu yalianza kujipanga, meusi chini. Mvua ikinyea ulezi uliopurwa, hauna tena habari. Utavunda, utachipua, utawapa kuku.

"Bibi," nikasema, "nesi ana upepo."

Aliniangalia. Alijua nimesema nini, na alijua yeye mwenyewe alisema nini, tena kwa sauti. Akatazama mawingu. Akaingia ndani, na nilidhani amekasirika, lakini alipotoka alikuwa amejifunga kitenge chake cha kanisani na kujipaka mafuta usoni. Akapita kwenye michongoma mbele yangu, wima kabisa, akabisha hodi.

Nesi alikuwa ametoka zamu, macho mekundu. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuomba upepo."

Mpaka leo nikifikiria adabu, nafikiria uso wa nesi wakati ule. Angeweza kucheka. Angeweza kuuliza habari za kichomi. Alifungua mlango mpaka mwisho, akasema, "Karibu sana. Ngoja niutoe nje."

Tuliibeba feni wawili, tukaiweka juu ya kinu kilichogeuzwa, waya mrefu wa soketi ukapitishwa dirishani. Mama mdogo akatandika turubai. Bibi akanyanyua ungo. Nesi akanipa heshima ya kuwasha, nikasogeza kishikio kwenye tano kama nilivyofundishwa. Feni ikaunguruma na kutoa upepo wa hasira, bibi akamwaga, na ulezi wote, punje na kapi, ukaruka juu ya turubai ukaangukia kwa kuku. Hujawahi kuona kuku wakifurahi hivyo.

"Punguza!" bibi akapiga kelele. "Hako kafeni kana wazimu!"

Nne. Bado mkali. Tatu. Hapo, rafiki yangu, nikaona kitu kizuri. Ulezi uliteremka kutoka kwenye ungo kama uzi wa kahawia, ukafika mbele ya feni, ukagawanyika. Vumbi la makapi lilikwenda zake kama moshi, punje zikaanguka tii, tii, tii kwenye turubai, safi, nyekundu, zinateleza. Bibi alimwaga tena. Akamwaga tena. Mdomo wake ulianza kutabasamu pembeni bila ruhusa yake.

Ule wenye punje nzito tuliupepeta kwenye tatu, ule mwepesi wa chini ya gunia kwenye mbili. Nilikuwa nimekaa nyuma ya feni, mkono kwenye kishikio, nikisikiliza bibi. "Ongeza. Punguza. Hapohapo." Tulikwenda hivyo mpaka karibu nusu ya ulezi. Ndipo nikasikia harufu. Kama nywele zilizoungua. Nikagusa kitako cha feni nikautoa mkono haraka, na papo hapo mapanga yakapunguza, yakapunguza, yakasimama.

Nesi akachomoa plagi, akangoja, akachomeka tena. Kwenye mbili, kimya. Tatu, kimya. Nne, kimya. Tano, ikaunguruma kama kawaida. Akarudi nne, ikasimama.

 Nesi aliiangalia feni ya baba yake. Bibi aliuangalia ulezi uliobaki, kisha mawingu, kisha nesi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona bibi hana hukumu ya kutoa. Mpaka wakati huo alikuwa na shida moja. Sasa alikuwa na mbili, na ya pili ilikuwa ya mtu mwingine. Kwenye namba tano nesi asingeweza kulala; mvumo ule ulikuwa kama lori chumbani.

"Nimekuharibia usingizi wako, mwanangu," alisema.

"Chuma huchoka, bibi," nesi akajibu.

Nesi aliishi nyumba moja na mwalimu wa sayansi wa sekondari, msichana kutoka Iringa, mfupi, mwenye kucheka kwa urahisi. Alirudi kutoka sokoni na kikapu cha viazi wakati sisi tumesimama pale kama watu wa msibani. Alipoelezwa, aliweka kikapu chini, akaomba bisibisi.

"Plagi imetoka?" aliuliza. Nikasema imetoka. Akaenda kuiona kwa macho yake, akaishika, akaniletea. "Hii ikae mkononi mwako. Usimpe mtu, hata mimi nikikuomba, mpaka niseme chomeka. Umeme hauna shemeji."

Akafungua kitako. Ndani kulikuwa na kigae cheupe cha mviringo, na juu yake waya mwembamba uliozungushwa kama uzi kwenye kijiti, mfano wa ule wa jiko la umeme. Kila kitu kilikuwa kimefunikwa na makapi ya ulezi yaliyoingia kwenye matundu. Mwalimu akapuliza. Karibu na mwanzo wa waya, palikuwa pamekatika, ncha mbili nyeusi zinatazamana.

"Huyu ndiye anayepunguza mwendo," alisema. Tulichuchumaa wote kumzunguka, bibi pia. "Ukiweka tano, umeme hauji hapa, unakwenda moja kwa moja kwenye feni. Ukiweka nne, unalazimika kupita kipande hiki kifupi kwanza. Tatu, kirefu zaidi. Moja, unapita waya wote. Huu waya ni njia nyembamba. Umeme unapita kwa kusukumana, nguvu nyingine inaishia njiani, inageuka moto. Feni inapata kilichobaki, ndiyo maana inakwenda polepole. Leo makapi yameziba matundu, moto ukakosa pa kutokea, waya ukaungua."

Nikaviangalia viganja vyangu. Kumbe asubuhi zote zile nilikuwa naota moto wa umeme ambao feni haikupewa. Ndani yangu kitu kilikaa mahali pake, na nilijisikia mtu mkubwa.

Bibi alikuwa amekunja uso kama anapokadiria ng'ombe. "Kwa hiyo huyu," akakionyesha kigae kwa kidole, "alikuwa anakula umeme ili feni isishibe."

"Hasa, bibi."

"Na amekufa."

"Amekufa."

"Basi tafuta mlaji mwingine. Umeme ni uleule."

Mwalimu akaanza kucheka. Alimshika bibi bega. "Bibi, twende ndani. Twende tutafute mlaji."

Mlaji wa kwanza alikuwa pasi ya umeme. Mwalimu aliunganisha waya ili umeme upite kwenye pasi kwanza ndipo ufike kwenye feni, akafunga viungo vyote kwa utepe wa plastiki, akanipa ishara, nikachomeka. Feni ikaenda mbio kama namba tano. Tulishangaa. Pasi si inakula umeme kuliko kitu chochote nyumbani? Mwalimu akajipiga paji la uso. "Nimesahau ninachofundisha. Pasi inakula sana kwa sababu njia yake ni pana. Hapa inaupitisha wote bila kuubana. Tunataka njia nyembamba." Akatazama dari. "Globu."

Akaleta holda na globu ya mviringo, zile zenye waya mwembamba ndani, akaifunga mahali pa pasi kwenye kipande cha ubao. Nikachomeka. Globu ikawaka njano hafifu, kama jicho la mtu mwenye usingizi, na feni ikaanza kujivuta, panga moja baada ya jingine. Bibi akamwaga ulezi. Makapi yakacheza kidogo na kuanguka palepale kwenye punje.

"Mlaji huyu ana tamaa," bibi akasema.

Globu nyingine ya nguvu hiyohiyo ilikuwepo, ya chumba cha nesi, lakini kubwa zaidi, yenye njia pana kidogo, haikuwepo. Mwalimu aliifunga ya pili kufuatana na ile ya kwanza. Feni ikagoma kabisa, ikawa inanung'unika tu. Mvua ilikuwa imeanza kunusika, ile harufu ya vumbi lililolowa mbali. Mama mdogo alianza kukunja pembe za turubai.

Mimi nilikuwa nimeshika plagi, nawaza bomba la maji la mtaani, ambako nilipanga foleni kila siku. Palikuwa na koki mbili. Moja ikiharibika tulikaa mpaka jua kichwani. Zote mbili zikifanya kazi, foleni ilikwenda.

"Mwalimu," nikasema, "umezipanga moja nyuma ya nyingine. Zikikaa pembeni pembeni, kama koki za bomba?"

Aligeuka akaniangalia vile ambavyo mtu mzima humwangalia mtu mzima. "Rudia."

Nikarudia.  Alinionyesha plagi mkononi mwangu kwa kidole, nikainua aone imetoka, akafungua nyaya, akazifunga globu mbili ubavu kwa ubavu. "Chomeka."

Globu zote mbili zikawaka, rangi ya chungwa. Feni ikaanza, ikashika, ikatulia. Kwa kusikia tu nilijua: tatu. Bibi hakungoja kuambiwa. Alinyanyua ungo, na ule uzi wa kahawia ukateremka, ukagawanyika, tii, tii, tii.

Tulifanya kazi kama watu wanaofukuzwa. Mwalimu alikaa na ubao wake asimruhusu mtu kuugusa. Ulezi ukiwa mwepesi bibi alisema "punguza", nilichomoa, mwalimu akalegeza globu moja, nikachomeka. Akisema "ongeza", tuliirudisha. Nesi, ambaye angepaswa kuwa amelala tangu asubuhi, alishika mdomo wa gunia. Tone la kwanza lilianguka kwenye turubai wakati bibi anamwaga ungo wa mwisho. "Chomoa," akasema mwalimu, kabla ya jambo lolote lile. Tukakimbiza feni ndani, ubao ndani, gunia ndani, na mvua ikaja yote kwa pamoja juu ya bati mpaka tukawa tunazungumza kwa midomo tu. Nilimwona bibi anasema kitu na nesi anacheka mpaka anajifuta macho. Sikuwahi kujua alisema nini.

Jumapili wakwe walikuja. Mama wa kijana alikata tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akatafuna akiangalia ukutani. Sisi wote tulikuwa tunaangalia mdomo wake. Akameza. Akakata tonge jingine. Bibi, ambaye hakuwa amepumua, akapumua. Nesi na mwalimu walikuwa wamekaa upande wa ndugu wa kike, kwa amri ya bibi, na mkwe alipouliza ni kina nani, bibi alijibu kwamba ni binti zake, mmoja wa Tanga, mmoja wa Iringa, asitafute zaidi.

Baada ya hapo nesi alilala kwa ubao ule wa globu siku zote alizobaki Tarime. Waya wa kigae haukupatikana, hata wafanyabiashara wa Sirari walituambia "hiyo model ilisahaulika kitambo". Haikuwa shida. Mwalimu alifunika viungo vyote ndani ya kisanduku cha mbao, na mimi nikapewa kazi ya kukikagua kila Jumamosi, plagi ikiwa imetoka.

Mambo ya ndani ya regulata nimekuja kuyajua yote tangu wakati ule. Zipo zenye kapasita, zinazokwamisha umeme bila kuugeuza moto, kama mtu anayekushika mkono badala ya kukunyang'anya ulichobeba. Zipo za elektroniki, zinazoukata umeme na kuuachia mara nyingi sana ndani ya kufumba na kufumbua, feni isijue kwamba ilinyimwa. Hizo ukiziweka chini kabisa hunung'unika, na mteja huniita akidhani feni ina mdudu. Ni vitu vyema. Vinaokoa umeme, na havichomi nyumba ya mtu. Sitakudanganya kwamba vya zamani vilikuwa bora. Ila ukivifungua vya siku hizi, huoni jambo likitendeka. Unakuta kidude cheusi kama mbegu, kimefungwa, na unamwambia mteja, "Kimekufa, nunua kingine." Bibi asingepata neno la kusema hapo.

Mwezi uliopita nilikwenda Tarime kuchukua waya za kusukia mota, nikapita Bomani kwa miguu. Nyumba za watumishi zimevunjwa. Kwa bibi pana nyumba ya wageni ya ghorofa, na uwanja wetu umewekwa vitofali vya saruji ambapo magari yanaegeshwa. Kwenye mteremko wa shamba sikuona suke moja la ulezi. Ni vyumba vya kupanga mpaka chini, na kila dirisha lina pazia. Msichana wa mapokezi aliniamkia, akaniuliza kama nataka chumba. Nikamwambia napumzika tu. Akaniletea kiti, akaniacha.

Nilikaa pale nikajaribu kuhuzunika, kwa sababu nilidhani ndivyo inavyotakiwa. Bibi amelala kaburini siku nyingi. Nesi alistaafu kwao Tanga, na feni alikwenda nayo. Mwalimu alihamishwa, tukapotezana. Lakini huzuni haikuja. Vipo vitu vinavyopotea, na vipo vinavyotumika mpaka vikaisha, na hivi vya pili havina deni na mtu. Gunia lile la ulezi tulilila lote, mpaka unga wa mwisho tuliokung'uta kwenye mishono. Mama mdogo aliolewa, sasa ana wajukuu, na mmoja wao ni msumbufu kiasi kwamba ameshafungua redio ya babu yake na kushindwa kuifunga. Wameniomba nimchukue likizo hii nikakae naye Mugumu.

Nimewaambia wamlete.